Tumekwenda Fungate, Nyumba Tumemwachia Nani?

Mahindi yakishauzwa na kahawa ya Mbinga ikishalipwa, Songea huoa. Jumamosi kuanzia saa nane mchana matarumbeta husikika kutoka kwenye gari la wazi. Magari yaliyowasha taa hufuatana kutoka Kanisa Kuu la Mtakatifu Mathias Kalemba au kutoka msikitini, bodaboda zikitangulia kwa honi, na kina mama wa sokoni Mfaranyaki huacha mafungu yao ya nyanya kidogo wapige vigelegele. Usiku ni ukumbini. Mshereheshaji husoma zawadi moja baada ya nyingine, na kila moja hupandishwa mbele ionekane: friji ikiwa bado ndani ya boksi, godoro, televisheni, mtungi wa gesi na jiko la plate mbili, sufuria, mashuka, bahasha. Jumapili kirikuu hupakia vyote hivyo na kuvipeleka taratibu hadi kwenye nyumba ya maharusi, iwe Msamala, Mjimwema au Lizaboni. Havifunikwi kwa turubai. Kuvifunika kungekuwa kuwanyima heshima waliotoa.

Jumatatu asubuhi maharusi wanapanda basi la Mbinga wakielekea Mbamba Bay. Nyumba imebaki na kufuli.

Hebu tuhesabu wanaojua kilichomo ndani ya nyumba hiyo. Wanajua wote waliokuwa ukumbini. Wanajua waliomo kwenye kundi la WhatsApp la michango, ambalo hakuna anayekumbuka nani alimwingiza nani. Dereva wa kirikuu na vijana waliopakua mzigo wamefika hadi chumba cha kulala. Fundi aliyefunga kitasa anajua funguo zilikuwa ngapi. Kama nyumba ni ya kupanga, mpangaji aliyehama anaweza kuwa bado na wake. Kisha, Jumatatu jioni, bibi harusi anapandisha picha kwenye simu: miguu miwili miwili mchangani, ziwa nyuma, na maneno kwamba wako huko wiki nzima. Ndani ya siku tatu mji umeambiwa kuna nini ndani, nyumba iko wapi, na wenyewe hawapo mpaka lini. Vibaka hawakuhitaji kupeleleza. Furaha yetu ndiyo imewapa taarifa.

Sisemi haya ili mtu aanze kumtilia shaka kila aliyemchangia. Harusi ya Kitanzania ni kazi ya watu wengi, na uzuri wake uko hapo. Ninachotaka tulitazame ni jambo moja: tumekuwa hodari wa kuwaita watu mia tatu waje kufurahi nasi siku moja, lakini wiki inayofuata nyumba haina hata mtu mmoja aliyekabidhiwa kuiangalia.

Neno fungate lenyewe lilimaanisha saba. Baadhi ya lugha za Kibantu hapa nchini bado zinatumia neno la ukoo huohuo katika kuhesabu. Kwa desturi ya pwani, fungate ilikuwa siku saba za bwana na bibi harusi kukaa ndani, mara nyingi nyumbani kwa kina bibi harusi. Chakula kililetwa mlangoni. Somo wa bibi harusi hakuwa mbali. Ndugu walilala vyumba vya jirani, watoto walicheza uani, majirani waliingia na kutoka wakiuliza hali. Wawili hao walipewa faragha kamili, na faragha hiyo ilizungukwa na watu pande zote. Sidhani kama mtaani kulikuwa na nyumba salama kuliko ile yenye fungate.

Leo neno tumelibakiza, ila maharusi wanatoka. Na nani atawalaumu? Zamani mvua zikianza, kutoka Mbinga kwenda ziwani ilikuwa safari ya tope na kusukuma gari. Tangu lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita zipatazo 66, ilipokamilika, mtu anakunywa chai Songea na mchana anakula samaki ziwani. Barabara inapita kwenye vilima vya Wamatengo, kahawa huku na ngoro za mahindi na maharage kule, halafu kona moja inafunguka na Ziwa Nyasa lote liko chini yako. Pwani ya kwetu inatazama magharibi, kwa hiyo jua huzama majini, upande wa Malawi. Kuna mawe makubwa ya kukalia, mchanga, na usipa wa kukaanga. Waende. Waliokwishazaa na kulea nao waende, wanaotimiza miaka kumi ya ndoa, wanaoadhimisha Siku ya Wapendanao. Swali langu linabaki lilelile: nyumba ameachiwa nani?

Nijibu kwanza kwa yaliyotupata sisi. Mwaka tuliofunga ndoa tulikwenda huko siku nne. Madirisha yalikuwa na nondo, mlango wa nyuma niliuongezea komeo, na geti lilikuwa na kufuli kubwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa mwizi. Asubuhi ya kuondoka maji yalikuwa yamekatika. Mke wangu alikuwa amefungua bomba la jikoni kuangalia kama yamerudi, nami nilifungua la bafuni. Basi likapiga honi, tukatoka mbio. Maji yalirudi usiku ule. Mama mmoja jirani yetu, ambaye tulimwachia ufunguo wa geti na wa mlango wa nyuma kwa sababu tu mama mkwe alisisitiza, aliamka alfajiri kufagia akaona uani kwetu pamelowa na mbingu ilikuwa kavu. Akaingia, akafunga bomba zote mbili, akakausha maji kwa matambara, akainua godoro jipya lililokuwa bado chini. Tuliporudi, friji lilikuwa limeinuliwa juu ya matofali. Hakuchukua hata shilingi. Kufuli langu lote lile lisingeyazuia maji.

Tangu siku hiyo, mtu akinitajia usalama wa nyumba, huanza kumfikiria yule mama na ufagio wake kabla ya kufikiria nondo.

Ufagio una kazi kubwa katika mji huu kuliko tunavyoudhania. Udongo wetu ni mwekundu, na uani hufagiliwa kila asubuhi. Mistari ya ufagio wa chelewa inabaki pale kama maandishi: hapa kuna mtu, ameamka, ameinama, amefanya kazi. Uwanja uliokaa siku tatu bila mistari hiyo, majani ya mwembe yakajaa kizingitini, unasema kinyume chake, na anayepita na nia mbaya anausoma bila shida. Vivyo hivyo taa ya nje inayowaka mchana kutwa. Wengi huiacha wakidhani inalinda. Usiku inasaidia; saa sita mchana inatangaza kwamba hakuna wa kuizima. Nguo iliyosahaulika kwenye kamba, ikanyeshewa, ikakauka, ikanyeshewa tena, nayo inasema. Kwa hiyo ukimwomba jirani jambo moja tu, mwombe afagie kwako anapofagia kwake, awashe taa magharibi na kuizima asubuhi. Ni dakika kumi za kazi, na nyumba inaonekana ina mtu.

Wapo watakaosema siku hizi kuna kamera. Zipo, bei imeshuka, na picha inakufikia kwenye simu ukiwa umelala mchangani. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Kutoka Mbamba Bay hadi Songea ni kilomita kama 170. Utamwona mtu akitoka na televisheni yako, utamwona hata viatu alivyovaa, na utakachoweza kufanya ni kumpigia simu mtu aliye karibu. Kama huyo mtu hukumwandaa kabla ya safari, kamera inakuonyesha msiba wako tu. Picha itawafaa polisi baadaye, hilo ni kweli, na mwenye uwezo afunge. Ila aanze na namba ya simu ya jirani.

Nchi hii ilikuwa na utaratibu wa jambo hili. TANU ilipoanzisha mfumo wa nyumba kumi katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1960, kila nyumba kumi zilikuwa na balozi, na balozi alipaswa kujua nani amekuja, nani amesafiri, na nani anagombana na nani. Ulikuwa mfumo wa chama, na ulikuwa na uzito wake wa kisiasa ambao si kila mtu aliupenda. Baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992, balozi alibaki wa CCM, na mambo ya serikali yakawa kwa mwenyekiti wa mtaa. Katikati hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1980, sungusungu walizaliwa kwa Wasukuma na Wanyamwezi, wizi wa ng'ombe ulipowashinda kuuvumilia, na serikali ikaja kuwatambua. Kuanzia mwaka 2006 Jeshi la Polisi likahimiza polisi jamii na ulinzi shirikishi. Majina yamebadilika mara nyingi. Wazo ni moja: anayeijua sauti ya geti lako ni yule anayeisikia kila siku.

Kwa hiyo kabla ya safari kuna watu wachache wa kuambiwa, na waambiwe waziwazi. Jirani wa ukuta kwa ukuta. Balozi au mjumbe, kama kwenu bado anafanya kazi hiyo. Mwenyekiti wa mtaa. Polisi Kata, kama nyumba iko pembeni kule mji unakokua, ambako kutoka nyumba hadi nyumba kuna pori. Waambiwe tarehe ya kuondoka na ya kurudi, jina la ndugu anayeruhusiwa kuingia, na kwamba mwingine yeyote akija na gari kusema ametumwa kuchukua friji likatengenezwe, apigiwe simu mwenye nyumba kwanza. Njia hiyo ya friji si hadithi. Mchana kweupe, gari, vijana wawili wenye ovaroli, na majirani wanawasaidia kupakia kwa ukarimu wao. Sheria yetu ya Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 294, inatofautisha kuvunja nyumba mchana na kuvunja usiku: mchana adhabu inafika kifungo cha miaka 14, usiku miaka 20. Aliyeitunga alijua usiku ndio unaotisha. Lakini nyumba isiyo na mtu haiogopeshi mchana wala usiku, na mchana kuna kelele nyingi za kujifichia.

Usiku nao, kwetu, una misimu yake. Mvua za Februari zikipiga bati, mtu anaweza kukata nondo chumba cha pili na usisikie. Juni na Julai baridi inawafanya watu waingie ndani mapema, na baada ya saa tatu mitaa imekufa. Mwishoni mwa Februari, siku za kumbukumbu ya mashujaa walionyongwa na Wajerumani hapa mjini tarehe 27 Februari 1906, Songea inapokea wageni kutoka kila pembe; nyumba za kulala wageni zinajaa, na sura ngeni mtaani haimshtui mtu. Siku ya Wapendanao imetangulia kwa wiki mbili tu. Anayepanga kuunganisha mapumziko yake na siku hizo ajue kwamba mtaa wake wiki hiyo una macho mengi ila yasiyomjua.

Hizo picha za ziwani, basi, zipandishwe zote, hata mia, lakini mkisharudi. Tabasamu halitaharibika kwa siku tano.

Sasa niseme la moto, kwa sababu hili linaniumiza zaidi ya wizi. Televisheni ikiibwa inanunuliwa nyingine.

Umeme wa gridi ya Taifa ulifika Songea mwaka 2018, kwa njia ya kilovolti 220 inayotoka Makambako, kilomita zipatazo 250. Kabla ya hapo tuliishi kwa majenereta ya dizeli na mgao. Nyumba nyingi za katikati ya mji zilitandazwa nyaya enzi hizo, kwa matumizi ya taa nne na redio. Leo nyaya zilezile zinabeba friji, jagi la umeme, pasi, hita ya maji ya kuoga na chaja za simu tano. Harusi huleta vyombo vyote hivyo kwa mkupuo. Kinachonunuliwa mwisho, au kisichonunuliwa kabisa, ni siku moja ya fundi umeme kuja kukagua saketi kabla vyombo havijachomekwa. Zawadi hiyo haing'ari ukumbini, lakini ningefurahi kuona kamati moja ikiitoa.

Unapoondoka, chomoa. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, chombo kilichochomekwa ndicho kinachopokea pigo. Kama friji halina kitu cha kuharibika, lisafishe, liache mlango wazi kidogo, kisha zima swichi kuu. Kama lina nyama, hakikisha LUKU ina uniti za kutosha hadi siku ya kurudi, maana harufu ya nyama ya siku sita nayo ni taarifa kwa mtaa. Mtungi wa gesi funga pale kwenye regyuleta. Swichi ya jiko peke yake haitoshi. Gesi ya kupikia kwa asili yake haina harufu. Ile harufu kali inaongezwa makusudi kiwandani ili pua itoe onyo. Na ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja hailiendei dari, inatambaa sakafuni na kujikusanya. Ukifungua mlango baada ya wiki ukaisikia, usiguse swichi ya taa, wala ya kuwasha wala ya kuzima. Fungua madirisha, toka nje, subiri.

Nondo za madirishani ni jambo ambalo ningeomba mafundi wetu wa kuchomea walitafakari. Tunajenga kwa matofali ya kuchoma, ukuta imara, halafu kila dirisha tunaliziba kwa grili iliyochomewa moja kwa moja. Mwizi haingii. Mwenye nyumba naye hatoki. Tarehe 26 Machi 2001, katika shule ya Kyanguli, Machakos nchini Kenya, wanafunzi 67 walikufa bweni lilipowaka usiku: mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yalikuwa na nondo. Sisi wenyewe tulizika zaidi ya wasichana 40 wa Shauritanga, Kilimanjaro, Juni 1994, baada ya bweni lao kuungua usiku. Yale yalikuwa mabweni, lakini nyumba yako ya vyumba vitatu imejengwa kwa wazo lilelile. Grili moja tu, ya chumba cha kulala, iwe na bawaba na kufuli la ndani, na ufunguo uning'inie mahali ambapo mkono wa gizani unafika lakini mkono wa dirishani haufiki. Fundi yeyote wa Majengo au Misufini anaweza kuifanya. Inataka tu aliyeagiza grili aseme.

Na moto ukitokea, 114 ndiyo namba ya Zimamoto na Uokoaji, kama 112 ilivyo ya polisi. Ugumu wa miaka yote ulikuwa kueleza nyumba iko wapi: pita kwenye mwembe, kata kushoto penye duka la bluu. Operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, iliyofanywa kabla ya sensa ya Agosti, ilitubandikia namba milangoni na vibao vya majina ya mitaa. Wengi wetu hatujawahi kuisoma namba ya nyumba yetu wenyewe. Isome leo, iandike nyuma ya mlango, mpe jirani. Ukiwa Mbamba Bay ukapigiwa simu kwamba moshi unatoka kwako, hutakuwa na utulivu wa kueleza habari za mwembe.

Si kila mwenye kupenda anasafiri. Wengi wanaadhimisha nyumbani, na kwa hali ya mifuko ndivyo inavyopaswa kuwa. Chumba kimepambwa, mishumaa imepangwa kuzunguka kitanda kama walivyoona kwenye simu, chandarua kimening'inia juu. Chandarua kinashika moto haraka sana, na mshumaa haulindwi na watu wawili waliosinzia. Kama lazima mshumaa, uwe ndani ya bilauri au juu ya sahani pana, mezani, mbali na pazia na chandarua, na uzimwe kabla ya kulala.

Mkaa ni hatari zaidi kwa sababu hautishi. Usiku wa Julai hapa hushuka chini ya nyuzi 15, baridi ya kilima inapita chini ya mlango, na jiko la mkaa lililobaki na makaa mekundu linaingizwa chumbani litie joto. Dirisha limefungwa, tambara limezibwa mlangoni. Makaa hayatoi moshi tena, kwa hiyo watu hudhani yamekuwa salama. Yanatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayojishika kwenye damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinauma kidogo, mwili unalegea, usingizi unakuja mtamu. Asubuhi mlango unavunjwa. Tumezika watu hivi, katika nchi hii, wakiwa wamekumbatiana. Jiko libaki nje. Baridi ya Songea inatibiwa kwa blanketi la pili na mwenzako.

Na hapa niguse imani iliyoenea mitaani, kwamba wezi hupuliza dawa dirishani nyumba nzima ikalala. Nimesikia simulizi hizo tangu utotoni. Wataalamu wa dawa za usingizi wanaeleza kwamba kumlaza mtu mmoja hospitalini kunahitaji dawa iliyopimwa, vifaa na uangalizi wa dakika kwa dakika. Kulaza familia nzima kwa mpulizo wa dirishani, bila kuua hata mmoja, ni jambo lisilowezekana kwa kibaka. Ukiamka kichwa kizito usikimbilie kutafuta mpulizaji. Tazama kwanza kama kulikuwa na jiko ndani.

Limebaki jambo ambalo huzungumzwa kwa sauti ya chini. Wenye ndoa za miaka kadhaa wanaposafiri wawili, nyumba huachiwa dada wa kazi, na mara nyingi watoto wawili watatu juu yake. Dada huyo ana miaka kumi na mitano, kumi na sita. Ametoka Namtumbo au Tunduru, simu yake haina vocha, na katika mtaa mzima anamjua muuza genge tu. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtu yeyote aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Hapo hatujaacha mlinzi. Tumeacha mtoto mwingine na kumkabidhi watoto, gesi na mlango. Vijana wa mtaani wanajua upesi kwamba wazee hawapo, na wanaobisha hodi usiku si lazima wawe wageni. Wengine ni watu wanaoheshimika. Mtoto huyu anahitaji mtu mzima wa kulala naye nyumba moja: bibi aje kutoka kijijini, au shangazi, au yeye na watoto wahamie kwa ndugu na nyumba ifungwe kabisa. Kama haiwezekani, safari isogezwe mbele. Ziwa halihami. Na kabla ya kuondoka akalishwe chini, aelezwe kwa heshima kwamba ana haki ya kutomfungulia mtu yeyote, hata anayejiita baba mdogo, na kwamba akipiga simu saa nane za usiku hatagombezwa.

Ndiyo, kuna kampuni za ulinzi, kuna mbwa, kuna wazee wa kulipwa kwa usiku wenye koti zito na rungu. Vinafaa. Mbwa awe na chanjo ya kichaa na mtu wa kumlisha, mzee alipwe kabla ya safari ale chakula cha moto. Kitasa cha mlango wa mbele kibadilishwe siku ile unapohamia. Ufunguo usiwekwe chini ya chungu cha maua, ambako kila mtu hutafuta kwanza.

Basi la kurudi linapanda kutoka ziwani kupitia vile vilima, na kwenye rafu juu ya vichwa kuna mfuko unaonuka usipa. Bibi harusi amenunua mafungu mawili, moja la kwao, moja la jirani. Jua linakaribia kuzama wanaposhuka bajaji mbele ya geti. Kabla hawajatoa funguo wanatazama kupitia nondo. Majani ya mwembe hayapo. Kwenye udongo mwekundu, kutoka kizingitini hadi getini, kuna mistari ya ufagio ya asubuhi ile, na nyayo za mtu mmoja aliyekuja kuwasha taa.

Wanaacha mizigo pale chini na kwenda kwanza nyumba ya pili kupiga hodi.